Hodi Tatu Kwenye Chuma

Sajini Filda Alum alikuwa na kanuni moja aliyofundishwa na makofi ya dunia, si na walimu wa chuo cha polisi: mtu akikuletea kosa lake kwenye sinia, limeoshwa na kumenywa, usile kabla hujalinusa.

Asubuhi ile ya Ijumaa, katika kituo kidogo cha polisi cha Luzira, fundi Jean-Claude alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili.

"Andika tu, maman. Ni mie niliua Muzee Owino. Nitie sahihi wapi?"

"Polepole, ndugu yangu. Hapa si harusini, hakuna anayekukimbiza na pete."

Fundi hakucheka. Alikuwa mtu wa Bukavu, mkimbizi wa miaka minane, mikono yake imejaa alama za cheche kama manyoya ya kanga. Karakana yake ya kuchomelea ilipakana ukuta kwa ukuta na baraza ya Mzee Owino, karani wa mabehewa wa zamu ya mchana katika bandari ya Port Bell. Na Mzee Owino, hapo jana Alhamisi saa nne na robo asubuhi, alikutwa amekaa kwenye kiti chake cha baraza, kofia imemfunika macho, amekufa.

Kifo cha mzee wa miaka sitini na mitatu kisingemfikisha mtu mahabusu. Lakini Mzee Owino alikuwa na betri kifuani, chini ya ngozi, ukubwa wa kiberiti, iliyowekwa Nairobi miaka mitatu nyuma kuusukuma moyo uliokuwa ukisahau kazi. Mtaa mzima ulijua kwamba betri ile na mashine ya kuchomelea haziketi meza moja. Kabla jua halijafika utosini hadithi ilikuwa imeiva: Mkongo kawasha mashine, umeme umepita kwenye nondo, Mzee kazimika kama taa.

Afande Cleopas, mkuu wa upelelezi, aliipenda hadithi hiyo kwa sababu ilikuwa fupi. "Mshtaki kabla ya chakula cha mchana," alikuwa amesema kwa simu. "Na jamaa wanaondoka na maiti saa saba kwenda Siaya. Usiwazuie watu na msiba wao, Alum."

Kilichomnyima Alum raha ni simu nyingine. Jumatano jioni Mzee Owino mwenyewe alimpigia. Lakiri za kufungia milango ya mabehewa zilikuwa zinakatwa bandarini, mali inatoka, na yeye alikuwa amemfahamu mkataji. "Njoo Ijumaa nikupe jina," alisema. "Kesho niachie. Nataka niseme naye kwanza. Ni mtu wa nyumbani."

Hiyo kesho ndiyo aliyokufa. Alum hakuwa na imani na bahati mbaya zinazofuata ratiba.

"Nieleze tena jana," alimwambia fundi. "Taratibu. Jifanye mimi ni mjinga."

Konstebo Opio, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Alum alimtazama, kikohozi kikapona.

"Mashini yangu ina waya mbili," Jean-Claude alianza. "Moja ya kuchomea, moja ya kurudisha moto. Ile ya kurudisha nafunga kwa nondo ya dirisha. Mafundi wote tunafanya vile. Sasa nondo ya dirisha yangu na nondo ya baraza ya Muzee ni chuma moja, ilijengwa pamoja. Basi tulipatana. Mbele ya kuwasha, napiga nyundo kwa nondo mara tatu. Muzee anaamka, anavuka barabara, anaenda kukaa pale kwa pipa, kwa Hortense muuza samaki. Akifika anapiga fimbo yake kwa pipa mara mbili. Nikisikia mbili, nawasha. Miaka tatu, maman. Hata siku moja hatujakosana."

"Na jana?"

"Nilipiga tatu. Mbili zikarudi."

"Basi ulipewa ruhusa."

Fundi aliangalia mikono yake. "Pipa iko tupu. Inalia buuu, kama ng'ombe. Ile ya jana ililia ngiii. Ilikuwa nondo. Mie ni mtu wa chuma, siwezi kukosea. Lakini nilikuwa na mlango ya kanisa, walitaka saa sita. Nikasema labda Muzee amepiga njiani, sasa anavuka. Nikawasha." Akausogeza ukurasa wa maelezo mbele ya Alum. "Nilisikia, na nikawasha. Andika ivyo."

Alum aliishika kalamu, akaitikisa, akaipuliza. "Imekauka," alisema. Ilikuwa mpya. Akaiweka mfukoni. "Opio, leta pikapu."

*

Nyumbani kwa marehemu walimkuta Ondiek akikunja suti nyeusi ya kumvalisha maiti. Alikuwa mtoto wa baba mdogo wa Mzee Owino, kijana wa miaka thelathini, kuli wa bandarini, mgeni wa nyumba ile kwa mwaka mzima. Macho yake yalikuwa mekundu. Alum aliyaangalia mara mbili. Macho hufanywa mekundu na mambo mengi, na kilio ni mojawapo tu.

"Afande, hamjamaliza tu na yule Mkongo?"

"Tunamaliza, ndugu. Karatasi zetu ndizo zinazochelewa. Mama Phelister yuko wapi?"

"Mochwari, Nsambya. Anangoja gari."

"Na jana asubuhi alikuwa wapi?"

"Kyambogo. Anawapikia wanafunzi uji na chapati. Huondoka saa kumi alfajiri, kila siku."

"Kwa hiyo nyumbani mlibaki wawili."

"Ndiyo. Mimi na jaduong', mzee wetu."

"Basi wewe ndiye shahidi wangu mkubwa," alisema Alum kwa furaha, akaketi bila kukaribishwa. "Nipe siku yako kwa saa. Wakubwa wangu wanapenda saa kuliko wanavyopenda ukweli."

Ondiek alitabasamu kidogo. Aliitoa siku yake vizuri, kama mtu anayesoma ubaoni. Saa moja Mzee alitoka barazani. Saa mbili walikunywa chai pamoja, chai ya maziwa na mihogo, Mzee akalalamika sukari imekuwa nyingi. Saa nne Ondiek akaenda nyuma ya nyumba kufua nguo.

"Nikasikia yule Mkongo akigonga tatu. Jaduong' akajibu mbili. Mashine ikanguruma. Nilipomaliza kufua, nikaja, nikamkuta hivyo."

"Kama alijibu, mbona hakuvuka barabara?"

"Muulize Mkongo! Jumanne jioni walikuwa wanagombana hapo nje. Alimwambia, 'Leo nakumaliza, mzee.' Mtaa mzima ulisikia. Nenda uliza."

"Nitauliza. Weka saa zako hapa. Na sahihi. Hapa pia, kwenye ile chai."

"Hata chai?"

"Chai hasa. Jaji mmoja aliwahi kunifukuza mahakamani kwa sababu ya kikombe."

Ondiek akatia sahihi.

Alum alivuka barabara. Hortense, mama wa Goma mwenye sauti ya kuuzia soko zima, alikuwa ameketi kando ya pipa, akipeperusha nzi juu ya sangara.

"Eti Jean-Claude alimwambia Mzee atammaliza?"

Hortense akapiga kofi paja lake. "Afande! Wale wanauana kila jioni. Kwa dama! Jumanne Jean-Claude alikuwa na kingi tatu, Muzee moja. Alimwambia 'leo nakumaliza,' na akamumaliza kweli. Muzee akakataa kusalimia mutu mpaka usiku."

"Na jana asubuhi, pipa hili lilipigwa?"

"Nani apige? Nilikuwa nimeegemea. Lingelia, lingenitoa meno." Akapunguza sauti. "Tena Muzee jana alinuna. Saa moja na nusu nilimusalimia toka hapa, 'Muzee, habari ya kulala?' Kimya. Kofia hata haikutikisika. Nikasema, ah, bado ana hasira ya dama."

Alum alimpa Opio fimbo ya mzee, iliyokuwa bado imeegemezwa ukutani, akaenda kusimama nyuma ya nyumba penye karai la kufulia. Opio akapiga nondo mara mbili. Kisha akavuka, akapiga pipa mara mbili. Ilikuwa kama tofauti ya njuga na ngoma. Ondiek aliyasikiliza yote kutoka dirishani, suti imening'inia mkononi.

"Afande unacheza?" aliuliza.

"Nacheza, ndugu. Maisha mafupi."

*

Ndani ya pikapu, Opio aliendesha mpaka wakapita reli. Kisha akasema, "Afande, leo kama kuna maiti, beba mtu mwingine. Mimi mgongo ilikufa jana. Kubeba mtu wa kukaa si mchezo."

"Mtu wa kukaa ni nini?"

"Si yule mzee? Tulimtoa kwa kiti, magoti ikakataa kunyooka. Mikono hivi, miguu hivi. Tukamweka nyuma ya gari amekaa tu, kama kiti juu ya kiti. Watu wa barabara walisalimia yeye."

"Simamisha gari."

Opio alisimamisha. Boda boda nyuma yao akamtukana kwa Kiganda, tusi zuri lenye mapambo.

"Opio, nyumbani kwenu ukichinja kuku, hukakamaa lini?"

"Si hapo hapo, Afande. Kwanza analegea kabisa. Ukimwacha kwanza, ndiyo..." Mdomo ulibaki wazi.

"Mlimbeba saa nne na nusu. Mashine iliwashwa saa nne. Mzee gani anakauka kama ubao kwa nusu saa?" Alum alikuwa tayari ameshatoa simu. "Na wewe, konstebo mzima, hukuandika hilo kwenye ripoti?"

"Afande, niliandika 'mzito.'"

Aliyempigia alikuwa Daktari Nanyama, mtaalamu wa moyo ambaye kliniki yake ndiyo iliyokuwa ikiipima betri ya Mzee Owino kila miezi sita. Saa ya Alum ilionyesha saa tano na robo. Bado saa mbili kasorobo gari liondoke kuelekea mpaka wa Busia, na betri ile izikwe Siaya na kila ilichokiona.

*

Gari la maiti lilikuwa uani, injini inanguruma. Phelister, mjane, alisimama mlangoni mwa mochwari, mikono kiunoni, kama askari wa zamu.

"Hapana, nyathiwa, mtoto wetu," alimwambia Alum. "Hakuna kisu. Kwetu mtu anarudi nyumbani mzima, kama alivyotoka. Mmeshampata aliyemuua, niachieni mume wangu."

"Hakuna kisu, mama," Nanyama aliingilia, akiinua mkoba wake. "Naweka kifaa hiki juu ya shuka, kama pasi baridi. Betri yenyewe itaongea na kompyuta yangu. Dakika tano."

"Itaongea nini?"

"Hilo ndilo tunataka kusikia," alisema Alum. "Na wewe usikie pamoja nasi. Nikidanganya, utakuwa hapo hapo."

Phelister alifikiri, akasogea kando.

Chumba kilikuwa baridi na chenye harufu ya dawa. Nanyama aliweka kile kifaa juu ya shuka, upande wa kushoto wa kifua. Kompyuta ikatulia kidogo, kisha mstari ukaanza kutembea kwenye kioo. Kijiti. Nafasi. Kijiti. Nafasi.

Phelister alishika ukuta. "Anapiga?"

"Hapana, mama. Pole sana. Ni betri inayopiga. Moyo haujibu tena. Hiyo ni kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hakuna aliyemwambia watu wameondoka."

Kijiti. Nafasi. Kijiti. Opio alivua kofia.

"Nieleze kama unavyomweleza Opio," Alum alisema. "Umeme unaingiaje moyoni?"

"Hauingii, unazaliwa humo humo. Moyo una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Pembeni ya chumba cha juu kulia kuna sehemu ndogo, hiyo ndiyo fundi umeme wake. Kila nukta inatoa cheche. Cheche inapita vyumba vya juu, vinaminya. Kisha inateremka kwa njia moja nyembamba katikati, inachelewa hapo kidogo ili damu ishuke, ndipo vyumba vya chini navyo vinaminya. Mzee, njia ya katikati ilikatika. Juu walibisha, chini hawakusikia. Kwa hiyo tukampa mjumbe: betri inasikiliza juu, kisha inabisha chini."

"Maana yake juu kulikuwa kwake mwenyewe."

"Kabisa. Hodi za juu ni za Mungu. Za chini ni za kiwanda."

"Na mashine ya kuchomelea?"

"Inaweza kumdanganya mjumbe. Umeme ule una kelele. Betri ikiusikia, inadhani moyo unajipigia wenyewe, inanyamaza kwa adabu. Mtu kama Mzee, ikinyamaza muda mrefu, anaanguka. Hilo lingeweza kumuua, ndiyo." Vidole vyake vilikuwa vikishuka kwenye orodha. "Na kelele ipo. Hii hapa. Jana, saa nne na dakika sita."

Phelister alifumba macho. "Jean-Claude," alisema polepole. "Ulikula kwangu."

Alum alisogea karibu na kompyuta. Alikuwa akimtazama Nanyama, ambaye kidole chake hakikusimama hapo. Kilipanda juu, kikarudi, kikapanda tena.

"Ajabu," alisema daktari. "Sajini, hebu niulize swali langu mimi mwenyewe."

"Nakuulizia mimi. Hodi za Mungu zilikoma saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na dakika kumi na tisa. Alfajiri." Nanyama aliugeuza ule uso wa kompyuta. "Kelele ya mashine ilimkuta tayari ameondoka karibu saa tano. Na ona hapa, kuanzia saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Usiku wote fundi wa juu alikuwa anapiga sitini, sitini na mbili, mtu amelala. Ghafla mia. Mia na thelathini. Mia na arobaini. Dakika tatu hivyo. Kisha anapungua, anapungua, basi."

"Ndoto mbaya?"

"Ndoto huisha ukiamka. Hii ni ya mtu anayepigania kitu. Pumzi, kwa mfano. Kompyuta haiwezi kukuambia zaidi. Kisu kingeweza."

Mlango ukafunguliwa. Ondiek aliingia na suti mkononi. "Shemeji, dereva anasema tutachelewa mpakani."

"Karibu, ndugu," alisema Alum, akikunjua karatasi. "Shahidi wangu mkubwa. Nisaidie jambo dogo. Chai ya jana saa mbili, Mzee alilalamika sukari ilikuwa nyingi?"

"Si nimeandika?"

"Umeandika na sahihi ukaweka. Basi ni chai ya ajabu. Betri hii inasema alikufa saa kumi na moja alfajiri."

Ondiek aliitazama kompyuta, halafu daktari, halafu mlango. "Hiyo saa imekosewa. Waliweka Nairobi. Ni saa ya Nairobi."

"Saa ya Nairobi na ya Kampala ni moja, ssebo," alisema Nanyama. "Na niliirekebisha mimi, mwezi uliopita."

"Basi alikufa usingizini. Wazee hufa usingizini."

"Hufa," Alum alikubali. "Lakini hawajivalishi kofia wakatoka kuketi barazani. Hortense alimsalimia saa moja na nusu, hakuitika. Konstebo wangu alimbeba akiwa ameshakauka na umbo la kiti. Na Jean-Claude alipogonga tatu, maiti ilijibu mbili. Ilikuwa wewe, ndani ya dirisha, na ulipiga nondo, ndugu yangu, si pipa. Ulijua zinarudi mbili kwa sababu ulizisikia kila ulipokuwa nyumbani. Hukujua zilikuwa zinatoka wapi, kwa kuwa siku zote ulizisikia ukiwa nyuma unafua."

"Sina sababu ya kumuua! Ni ndugu yangu!"

"Hilo ndilo alilosema naye. Jumatano aliniambia mkata lakiri ni mtu wa nyumbani, nimpe siku moja aseme naye kwanza. Naona hakungoja kesho, alikuonya usiku ule ule, kama mkubwa anavyomwonya mdogo wake. Akakupa siku nzima. Wewe ukatumia alfajiri yake."

Phelister hakupiga kelele. Alimkaribia Ondiek mpaka nguo zao zikagusana.

"Nilitoka saa kumi," alisema. "Nilimwacha amelala kwa ubavu. Nilibisha kwako, nikakuambia, amka ufunge mlango nyuma yangu. Ukaniambia, nenda salama, shemeji." Alimnyang'anya ile suti. "Nipe. Hii si yako kushika."

Ondiek alirudi hatua moja, mbili, kisha akageuka. Mlango ulikuwa na Opio ndani yake, na Opio aliujaza.

"Omera, keti," alisema Opio. "Leo wewe ndiye mtu wa kukaa."

Phelister alikuwa ameshatoka uani. Walimsikia kupitia dirishani, sauti yake kavu kabisa, akisema na dereva.

"Zima gari. Mzee haondoki leo." Na aliporudi, hakumtazama Alum bali daktari. "Hicho kisu. Ni lazima?"

"Kitasema kwa nini alikosa pumzi, mama."

"Basi kiseme. Kwetu watanilaumu, nitalaumiwa." Akaonyesha kwa kidevu mstari uliokuwa bado unatembea kwenye kioo. "Lakini kwanza kizimeni hicho. Kimebisha vya kutosha."

Nanyama alibonyeza. Kijiti. Nafasi. Na nafasi ikaendelea.

*

Saa kumi jioni Alum alifungua mahabusu ya Luzira mwenyewe.

"Kalamu imepona?" aliuliza Jean-Claude.

"Kalamu imepona, ila kosa limepata mwenyewe. Alikufa alfajiri, kwa mikono ya mtu. Wewe ulichomelea mlango wa kanisa jirani na maiti, na hilo mpaka sasa sijaona kifungu chake." Akamtupia mkanda wake. "Na siku nyingine ukitaka kukiri, kiri lako. La watu waachie."

Fundi alishika mkanda bila kuuvaa. "Ile iliyonijibu..."

"Nondo. Ulisikia sawasawa."

Alimrudisha kwa pikapu. Mlango wa kanisa ulikuwa bado umelala karakanani, bawaba moja imeungwa, moja bado. Watu wa mtaa, waliokuwa jana wakitafuta mawe, leo walitafuta mambo mengine ya kuangalia. Jean-Claude alivaa miwani yake, akafunga waya kwenye dirisha, akashika nyundo. Mkono ulipiga kabla kichwa hakijaukataza. Ngiii. Ngiii. Ngiii.

Akasimama, nyundo hewani, akisubiri kisichoweza kuja. Baraza ya jirani ilikuwa tupu. Alum, mguu mmoja ndani ya gari, hakuupandisha wa pili.

Ng'ambo ya barabara, Phelister alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na Hortense, fimbo ya mumewe mapajani. Aliinuka. Akaishika fimbo kwa mikono miwili.

Pipa likalia mara mbili, zito, kama ng'ombe.

Jean-Claude akawasha mashine.